Siku Moja Haipimi Mwaka



Hapa kwetu, kila mwezi wa sita unapokaribia, wazazi husimama mlangoni mwa kanisa baada ya misa na kubishana juu ya jambo moja. Je, yafaa mitihani ya shule ya sekondari igawanywe katika vikao vingi, au ni afadhali mtoto apimwe mara moja tu, akishinda ameshinda, akishindwa ameshindwa? Wengine husema kwamba mtoto anayejua kuwa iko mara ya pili hatajitahidi mara ya kwanza. Wengine hujibu kwamba si haki homa ya siku moja imharibie mtu kazi ya mwaka mzima. Kengele ya misa ya pili hulia, nao hutawanyika pasipo kupatana.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nami nimefundisha kwa muda wa miaka 28. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wa kwanza, tena mkali kupita wengine. Leo nimebadili shauri. Sikubadilishwa na hotuba wala na kitabu. Nilibadilishwa na karatasi moja ya binti yangu. Kwa kuwa yaliyonipata yaweza kumfaa mzazi mwingine, nitayasimulia yote, hata yale yanayoniaibisha.

Ilikuwa mwanzo wa Julai, mwaka 2024. Katika nchi yetu ya Katanga huo ni wakati wa baridi na vumbi; asubuhi watu huvaa makoti, na upepo huokota mchanga barabarani na kuutupa machoni. Wazazi tulikuwa tumekusanyika uani mwa shule ya binti yangu, ambayo siyo ile ninayofundisha mimi. Mkuu wa shule alisimama barazani na karatasi zake. Kwa desturi yao majina husomwa kwa mafungu matatu. Kwanza husomwa waliofaulu, naye aliyewapita wote hupigiwa makofi na vigelegele. Pili husomwa wale walioshindwa masomo machache, ambao watarudi mwishoni mwa Agosti kufanya mtihani wa marudio. Tatu ni wale watakaorudia darasa.

Binti yangu alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa humanite, yaani alibakiwa na mwaka mmoja tu kabla ya Mtihani wa Serikali. Fungu la kwanza lilisomwa mpaka mwisho, nisisikie jina lake. Likaanza la pili, na jina lake likatajwa la nne: ameshindwa hesabu na fizikia. Mzazi mmoja aliyesimama karibu nami, ambaye mtoto wake nilimfundisha zamani, alinitazama, kisha akainamisha macho. Waalimu wenzangu wataielewa aibu hiyo. Mganga ambaye mtoto wake ana upele hana la kusema mbele ya watu.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kikula bila kusema neno. Yeye alikuwa nyuma yangu hatua kumi, ameikunja buletini yake mara nne mkononi. Tulipofika nyumbani nilitamka maneno ambayo hata leo yananichoma. Nilisema, "Mti hupimwa siku ya dhoruba. Umeanguka, basi umeanguka. Hiyo repeshaji ni mlango wa wavivu. Afadhali urudie darasa upate akili." Hakujibu. Aliiweka karatasi mezani, akaenda nyuma ya nyumba kuwasha makaa.

Neno hili repeshaji tulilipata katika Kifaransa, na watu wa Likasi hulitumia kila mwaka pasipo kuliwaza. Maana yake ya kwanza ni kuvua mara ya pili, yaani kumwopoa mtu au kitu kilichotumbukia majini. Mimi nililijua neno hilo tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kuuliza swali lililo ndani yake: huyu aliye majini, aliangukaje?

Aliyeuliza swali hilo ni mke wangu. Usiku ule, watoto walipokwisha lala, aliifungua buletini, akainyosha kwa kiganja juu ya meza na kuisogeza taa. Yeye hakukaa shuleni miaka mingi. Kazi yake ni kuuza unga na samaki sokoni. Akaniambia, "Baba, wewe umejaza karatasi hizi miaka yote. Nisomee hii moja polepole, kama unavyomsomea mzazi mwingine."

Kwa ajili ya wasomaji walio katika nchi nyingine, yafaa nieleze karatasi hiyo ilivyo. Katika Kongo mwaka wa shule ya sekondari hukatwa vipande viwili, na kila kipande kina vipindi viwili vya kazi ya kila siku pamoja na mtihani mmoja. Somo lenye pointi 10 katika kila kipindi huwa na pointi 20 katika mtihani. Hivyo kipande kimoja kina pointi 40, na mwaka mzima una pointi 80. Ukijumlisha utaona kwamba nusu ya pointi zote hutoka katika kazi ya kila siku, na nusu ya pili hutoka katika mitihani miwili, mmoja katikati ya mwaka na mmoja mwishoni. Pembeni kabisa kuna safu nyembamba ya mtihani wa marudio, ambayo kwa watoto wengi hubaki nyeupe. Basi twaona kwamba ubishi wetu wa mlangoni mwa kanisa ulikwisha jibiwa zamani, nalo jibu lake limo ndani ya kila nyumba yenye mwanafunzi. Karatasi yenyewe yasema kwamba mtoto asipimwe kwa siku moja.

Nikaanza kusoma. Hesabu: kipindi cha kwanza, 7 kati ya 10. Kipindi cha pili, 7. Mtihani wa katikati, 13 kati ya 20. Kipindi cha tatu, 2. Kipindi cha nne, 4. Mtihani wa mwisho, 6 kati ya 20. Jumla, 39 kati ya 80. Alikosa pointi moja tu kufika nusu.

Mke wangu aliuliza, "Kipindi cha tatu ni miezi gani?"

Nikajibu, "Kutoka Februari mpaka karibu na Pasaka."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo miezi ambayo mama yako alikuwa hospitali."

Wasomaji wapenzi, sikuwa na jibu. Katika hospitali zetu mgonjwa hawezi kukaa peke yake. Lazima awepo mtu wa nyumbani wa kumpikia, kumfulia, kukimbilia dawa na kulala karibu naye. Mimi ndiye niliyeamuru kwamba binti yangu akae na bibi yake, kwa sababu mama alimpenda kuliko wajukuu wengine, na kwa sababu mke wangu hakuweza kuliacha soko. Kwa muda wa wiki sita mtoto alilala juu ya mkeka chini ya kitanda cha bibi yake. Alfajiri alikwenda shuleni, jioni alirudi hospitali, na siku nyingine hakwenda shuleni kabisa. Mama yangu alifariki mwishoni mwa Machi. Tulipomaliza matanga niliwashukuru watu wote: majirani, wanakwaya, wachukuzi wa jeneza. Lakini sikumwita binti yangu nikamwuliza, "Je, madaftari yako yanakwendaje?" Na hesabu ni somo la ngazi, aliyekosa vidato vitatu katikati hawezi kukanyaga cha juu.

Hapo niliona jambo ambalo sikuliona kwa miaka yangu yote ya ualimu. Kama mtoto huyu angalipimwa kwa siku moja tu, mwezi wa Juni, karatasi yake ingalisema neno moja: hajui. Kwa kuwa alipimwa mara nyingi, karatasi yake ilisema habari nzima: alijua, kisha mwezi wa pili jambo kubwa likampata, naye akaanza kupanda tena kutoka 2 mpaka 4, lakini muda haukumtosha. Neno la kwanza lingemhukumu yeye. Habari ya pili ilinihukumu mimi.

Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwandani Shituru tangu wakati mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, jina lililoachwa mwaka 1966. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe ya shaba ya kupimwa na kuyapeleka kwa wapimaji. Alipenda kutueleza kwamba mtu mjinga huokota jiwe moja juu ya lundo, akaliona linang'aa kijani, akasema lundo lote ni shaba. Au akaokota jiwe jeusi, akasema lundo lote ni takataka. Lakini mfanyakazi wa Shituru huchukua kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, kidogo kila upande, akasaga vyote pamoja, ndipo mpimaji apate kusema ukweli. Mimi mwanawe nilikuwa na elimu kumpita, lakini kwa mtoto wangu nilitaka kuokota jiwe moja.

Mtu ataniuliza, "Je, Mtihani wa Serikali wenyewe si wa mara moja?" Swali hilo ni zuri. Mtihani huo, Examen d'État, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, ili vijana wa nchi nzima wapimwe kwa kipimo kimoja badala ya kila shule kutumia kipimo chake. Hata huo haukuachwa katika kipande kimoja. Kwanza huja sehemu iitwayo hors-session, yaani iliyo nje ya kikao chenyewe: humo mwanafunzi huandika insha ya Kifaransa, huulizwa kwa mdomo, na wale wa ufundi huonyesha kazi ya mikono yao. Baadaye hufuata kikao cha kawaida cha siku nne, chenye maswali ya utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo, ambamo mwanafunzi huchagua jibu lililo sawa kati ya majibu yaliyoandikwa. Hivyo aliye mzito wa kuchagua majibu lakini hodari wa kuandika hupata mahali pake, na aliye mwoga wa kusema hupata mahali pake pia.

Hata hivyo vipande hivyo vyote huja mara moja kwa mwaka. Nami namkumbuka rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi moja, na tuliyefanya naye mtihani huo mwaka 1988. Katika masomo ya sayansi alinipita mimi kwa mbali. Siku ya kwanza aliandika vizuri. Siku ya pili alikuja akitetemeka kwa malaria, amevaa koti la baba yake, na kabla ya saa nne alikuwa amelaza kichwa mezani. Alishindwa. Sheria inamruhusu mtu kurudi mwaka unaofuata, hata akiwa nje ya shule, kama wale waitwao otodidakte wanaojifunza wenyewe. Lakini lazima ajiandikishe tena, alipe tena, na otodidakte apite kwanza mtihani wa kutangulia. Baba yake hakuwa na fedha. Mwaka wa kwanza alichukua mizigo stesheni ili aweke akiba. Mwaka wa pili alioa. Mwaka wa tatu hakuzungumza tena habari za mtihani. Siku hizi tukikutana hunitania na kusema, "Mimi walinipima homa, hawakunipima masomo." Husema akicheka, lakini mimi sicheki.

Yafaa pia nikiri kosa langu kama mwalimu. Miaka mingi, mwezi wa Agosti ulipofika, niliandika maswali ya marudio kwa hasira. Niliona kwamba mtoto aliyeshindwa ameniibia likizo yangu. Niliyatafuta maswali katika pembe za kitabu ambazo mwezi wa Juni sikuzigusa: majina ya mito midogo, urefu wa milima ya mbali. Wengi walianguka mara ya pili, nami nikawaambia waalimu wenzangu, "Mnaona? Niliwaambia kwamba hawajui." Kumbe nilikuwa nimemtupia kamba aliye majini, na upande wa pili wa kamba nimefunga jiwe.

Sasa mimi mwenyewe nilikuwa mzazi wa mtoto aliye majini. Mwenzangu mmoja alinishauri kwa wema, kama alivyoona yeye. Alisema, "Mwone tu mwalimu wa hesabu. Matabishi kidogo, mambo yatakwisha." Sitaki kujionyesha kuwa mtu mwema kuliko nilivyo. Nilitia dola ishirini ndani ya bahasha. Nikaiweka katika mfuko wa shati, nikatoka jioni kama mtu anayekwenda kumsalimu rafiki. Nilipofika mlangoni, binti yangu alikuwa ameketi kizingitini na daftari la mwaka jana magotini. Aliutazama mfuko wangu, akaelewa. Akasema, "Baba, nipe mwezi mmoja tu. Usiwape kitu."

Nilirudi ndani. Nilifikiri juu ya ile safu nyembamba iliyo pembeni mwa buletini. Kama nikiinunua safu hiyo, itakuwa ya uongo. Na safu moja ikiwa ya uongo, nani atazisadiki zile nyingine? Hata zile 7 na 7 na 13, alizozipata kwa jasho lake, zingenuka bahasha. Dola zile nilimpa kijana mmoja anayesoma chuoni, awe anamfundisha hesabu na fizikia mara tatu kwa wiki. Walianza mahali alipoanguka, yaani masomo ya mwezi wa Februari, si yale ya Juni. Umeme ulikatika jioni nyingi, kama ilivyo kawaida yetu, nao wakasoma kwa taa ya betri, na mdogo wake akiishika. Mimi sikuwa na la kuwafundisha katika hesabu. Nilikaa pembeni na kumenya karanga, lakini nilikaa.

Mwishoni mwa Agosti alifanya mtihani wa marudio. Alipata asilimia 61 katika hesabu na 54 katika fizikia. Hakuna aliyempigia vigelegele, maana matokeo ya marudio hubandikwa ukutani tu, na watu huyasoma kimya kimya. Mwaka uliofuata alifanya hors-session, kisha kikao cha kawaida, akapata diploma yake ya serikali kwa asilimia 57. Si alama ya kujivunia mjini. Lakini ni yake, kila pointi.

Sasa nirudi katika swali letu la mlangoni mwa kanisa. Wazee husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na katika mji wa shaba kama huu wetu methali hiyo haihitaji maelezo. Lakini wanaopinga vikao vingi nao wana maneno ya kweli, wala si vema kuyafunika.

Tuangalie nchi nyingine. Katika Kenya, mpaka mwaka 2023, mtoto aliyemaliza shule ya msingi alipimwa kwa mtihani mmoja mkubwa, KCPE, na siku chache hizo ziliamua atakwenda shule gani. Katika utaratibu mpya, ambao mtihani wake wa darasa la 6 ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, asilimia 60 ya alama hupatikana shuleni katika darasa la 4, la 5 na la 6, na asilimia 40 tu katika mtihani wa mwisho. Majirani zetu, basi, wamekwenda njia ya kugawa.

Lakini Uingereza ilikwenda njia hiyo, kisha ikarudi. Tangu mwaka 2000 mtihani wao mkubwa wa kumaliza sekondari, A-level, ulikuwa umekatwa vipande, na wanafunzi waliweza kufanya baadhi yake mwezi wa Januari na mingine mwezi wa Juni. Ikaonekana kwamba wengi walirudia kipande kile kile ili kuongeza alama, na kwamba muda wa kufundisha uliliwa na muda wa kupima. Kikao cha mwisho cha Januari huko kilikuwa mwaka 2013, na masomo yaliyopangwa upya tangu mwaka 2015 hupimwa yote mwishoni. Basi kugawa si dawa kwa jina lake tu. Mgawanyo ukizidi, mwaka mzima huwa mtihani, na mtoto hujifunza kupimwa badala ya kujifunza masomo.

Hapa kwetu hatari ni nyingine. Wako wanafunzi wanaoulalia mtihani wa Juni kwa sababu ya tumaini la Agosti. Hao hufanana na mtu anayejitupa mtoni makusudi kwa kuwa amesikia kwamba mvuvi yupo. Ziko shule, sitazitaja, ambazo kila kikao kwao ni nafasi ya kudai fedha mpya kwa wazazi: ada ya mtihani wa kwanza, ada ya mtihani wa pili, ada ya karatasi. Na wako waalimu ambao mwezi wa Agosti kwao ni mwezi wa mavuno. Twajua pia kwamba mishahara ya waalimu ni midogo na mara nyingi huchelewa. Mimi najua kuliko wengi. Lakini njaa ya mwalimu haiponywi kwa kuuza haki ya mtoto wa mwenziwe, maana huyo mwenziwe naye ana njaa.

Kwa hiyo naona vikao vingi ni vyema kama mambo matatu yakishikwa. La kwanza, kila kipande kiwe na uzito wa kweli, ili asiwepo mtoto anayedhani kwamba kile cha leo ni cha mchezo. La pili, mtihani wa marudio utumie kipimo kile kile cha mtihani wa kwanza, usiwe rahisi kupita huo wala mgumu kuupita. Mizani haibadilishwi kwa sababu mnunuzi amerudi mara ya pili. La tatu, mlango wa marudio usiwe na mtoza ushuru. Mzazi asiye na kitu, mtoto wake apite kama wengine.

Enyi wanafunzi, msidanganyike na wingi wa vikao. Pointi ya mwezi wa Oktoba ni sawa na pointi ya mwezi wa Juni. Hujumlishwa pamoja, wala hakuna anayeuliza ipi ilitangulia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia. Binti yangu alikosa pointi moja. Mmoja wenu anaitupa pointi hiyo leo, katika zoezi ambalo hakulifanya kwa sababu aliona ni dogo.

Nanyi wazazi wenzangu, msingoje siku ya kusomwa majina. Buletini huja nyumbani kabla ya Julai. Iombeni, ifungueni, isomeni safu kwa safu. Asiyejua kusoma amwombe jirani au mwalimu. Alama ikishuka ghafula, msitafute fimbo kwanza; tafuteni mwezi ule kulitokea nini nyumbani. Labda mtoto alikuwa mgonjwa. Labda alitumwa kazi kila siku. Labda, kama ilivyokuwa kwangu, mtapata kwamba aliyemsukuma majini ni ninyi wenyewe, nanyi hamkukusudia.

Mwishoni mwa Agosti 2025 niliketi tena kuandika maswali ya marudio kwa ajili ya darasa langu. Safari hii niliitandaza mezani karatasi ya Juni, nikaandika swali kwa swali, la sasa karibu na la zamani, nikihakikisha kwamba yana uzito mmoja. Watoto sita walikuja, wamevaa sare, na kila mmoja amekaa benchi lake. Wanne walifaulu na wawili hawakufaulu. Kwa wale wawili nilichukua buletini zao, nikaenda nyumbani kwao jioni, mmoja Kikula na mwingine Panda, nikaketi na wazazi wao. Nilisoma tangu safu ya kwanza, polepole, mpaka tulipofika kwenye mwezi alioanguka mtoto. Na hapo nikanyamaza, ili wazazi waseme.